Kilima Kidogo Pembeni mwa Karatasi

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya majini na wafalme, kwani waliokuwa watoto siku hizo leo ndio kwanza wanaanza kunyoa ndevu, palikuwa na kijiji cha milimani kiitwacho Kirumbi. Watoto wa Kirumbi waliumwa matumbo. Haikuwa minyoo, dawa ya minyoo walikunywa, na matumbo yakaendelea. Hayakuwa maji, maji yalichemshwa, na matumbo yakaendelea. Ukuta wa utumbo ulivimba, ukawaka ndani kwa ndani, ukatulia, ukawaka tena. Ulipowaka sana, mtoto alikwenda haja akatoa damu.

Kijijini hapo aliishi Mghoi, mkata mkonge. Alikuwa amemzika binti yake wa kwanza, Mkamburi, kwa ugonjwa huo huo. Akabaki na mmoja, Righa, mwana wa miaka saba, mwepesi kama kapu tupu. Mghoi hakujua dawa, lakini alijua kusokota kamba. Akasokota moja ya mkonge, na kila jioni akaifunga: fundo moja kwa siku ya maumivu, mafundo mawili kwa siku ya damu, na siku njema akaacha nafasi ya upana wa kidole.

Majirani wakamcheka. "Mghoi, unamfumia mtoto sweta?"

"Nafuma kesi," akajibu. "Siku nitakayomkamata mshtakiwa, nataka niwe na tarehe zote."

Chini ya mlima, mjini, palikuwa na maabara ndogo, na mkuu wake aliitwa Dokta Shuma. Yeye aliamini jambo moja: utumbo kabla haujawaka, mafuta yake hubadilika kwanza. "Mwilini mna mafuta ya aina nyingi kuliko mnavyodhani," alipenda kusema. "Mengine hutuliza, mengine huchochea. Tuyapime yote, na aina moja itatutolea siri." Mafuta hayo hupimwa kwenye choo cha mgonjwa. Na choo kilikuwa Kirumbi.

Akaombwa Mwadime, mhudumu wa afya wa kijiji, akakilete. Mwadime akaita mkutano, akaeleza. Mama mmoja akasimama.

"Mwadime mwanangu, choo changu kiende mjini kufanya nini? Kinatafuta kazi?"

Watu wakacheka.

"Na mwenye nia mbaya akikishika?"

Hapo hawakucheka tena.

Mwadime hakubishana. Alikwenda nyuma ya zahanati, akarudi na chake ndani ya kopo, akakiweka mezani mbele ya kijiji kizima. "Cha kwanza ni changu. Anayetaka kuloga aanze na mimi."

Siku hiyo zikatoa kaya tatu. Wiki hiyo zikatoa arobaini. Na kila asubuhi Mwadime akashuka mlima na sanduku la barafu, kwani mafuta yakipata joto huharibika, na yakiharibika husema uongo. Alishuka kwa jua. Alishuka kwa mvua. Barabara ilipobomoka, alishuka na sanduku kichwani.

Maabarani alimpokea Wakio, mtaalamu wa mashine. Mashine yake ilichora mafuta kama vilima: mafuta yakiwa mengi kilima kikubwa, yakiwa machache kilima kidogo. Miezi sita ikapita, na tazama! Kwa kila mtoto wa Kirumbi, kilima kirefu kikasimama katikati ya karatasi, mahali pale pale. Dokta Shuma akatoa machozi ya furaha, akaandika barua ya kuutangazia ulimwengu.

Wakio peke yake hakufurahi. "Dokta, kilima hiki kizuri mno. Hata Mwadime anacho, na Mwadime haumwi chochote."

Akapanda Kirumbi kwa miguu, akaingia jiko baada ya jiko, akaona. Kina mama waliona haya kuwapa wageni kitu kama hicho ndani ya chombo duni. Basi walikitia katika kopo zuri kuliko yote nyumbani: kopo tupu la majarini, lililosuguliwa likang'aa. Wakio akaomba kopo moja lisilotiwa kitu, akalipeleka kwenye mashine. Kilima kile kile kikasimama. Miezi sita walikuwa wakipima majarini!

"Nani aliruhusu makopo?" Dokta Shuma akauliza.

"Mimi," akasema Mwadime. "Chupa zenu waliziogopa, wakasema ni za maiti. Nikawaambia, leteni chombo mnachokiheshimu."

Barua ilikuwa mezani, imekunjwa tayari. Nani angejua?

"Ukiituma," Wakio akasema, "itume bila jina langu."

Dokta Shuma akaitazama barua. Akamtazama Wakio. Akaichana vipande vinne.

Mwadime akapanda mlima na chupa za kioo, akaita mkutano mwingine. "Nilikosea mimi, si nyinyi."

Wakamzomea. "Safari hii utatuomba nini, kamasi?" Akakiweka chake mezani mara ya pili. Hakuna aliyeondoka kitini. Ndipo Mghoi akainuka, akachukua chupa ya Righa, na baada yake wakainuka wengine.

Miezi sita tena. Kilima kirefu kikatoweka, na karatasi zikabaki na kilima kidogo pembeni, ambacho wataalamu wengi wangekiita uchafu wa mashine. Wakio hakukiita uchafu. Aliona kwamba kwa Righa kilipanda na kushuka, kilipanda na kushuka. Lakini kwa nini? Karatasi hazikujua siku zipi mtoto alilia. Daftari la zahanati lilikuwa na siku mbili tu.

Mwadime akasema, "Siku zote anazo Mghoi."

Mghoi akashuka mjini, kamba shingoni. Wakaitandaza sakafuni, ikavuka chumba, ikatoka mlangoni, ikafika nje. Wakapanga karatasi kando yake, siku kwa siku. Palipo na mafundo mawili, siku nne kabla yake, kilima kidogo kilikuwa kimesimama. Mara ya kwanza, kimesimama. Mara ya pili, kimesimama. Mara kumi na moja kati ya kumi na mbili, kimesimama! Wakalinganisha na watoto wengine ambao mama zao walikumbuka siku zao. Jibu likawa lile lile.

Kilima kilipopanda tena, Righa alianzishiwa dawa ya kutuliza uvimbe siku hiyo hiyo, kabla ya maumivu. Siku ya nne ikafika. Mghoi akasimama mlangoni pa choo. Hakuna damu. Siku ya tano, hakuna. Siku ya sita Righa akadai sahani ya pili ya ugali, na vigelegele vya Kirumbi vikasikika hadi mashamba ya mkonge.

Sasa yale mafuta hayakuwa na jina; hakuna aliyewahi kuyaona popote duniani. Ikaja fomu ya kuyaandikisha, yenye mstari mmoja wa jina. Na maabara ile ilikuwa na desturi: kila kipya hupewa jina na aliyekipokea kwanza. Hata mashine iliitwa Bi Harusi, kwa kuwa mfagiaji aliipokea garini ikiwa imefunikwa shuka jeupe.

"Basi, nani aliyapokea mafuta haya?" akauliza Dokta Shuma, kalamu mkononi.

"Mimi," akasema Mwadime. "Niliyabeba kichwani. Yaitwe Kirumbi, kwa kuwa kijiji kizima kilivua aibu mezani."

"Wewe na majarini yako!" akasema Wakio. "Ulibeba, hukujua ulichobeba. Mimi niliyaona yalipokuwa yanaitwa uchafu. Na nilikataa uongo ulipokuwa umeshapambwa. Yaitwe Mbiu, kwa kuwa hutangaza ugonjwa kabla haujafika. Kila maabara duniani italazimika kutamka neno letu."

"Ungepima nini bila mimi, dada? Upepo?"

"Na mngejuaje maana yake?" akasema Mghoi. Hakupaza sauti. "Wewe uliona kilima. Wewe ulibeba chupa. Mimi nilianza kungoja kabla yenu nyote, siku niliyofukia kaburi. Sitaki liwe jina langu. Nataka yaitwe Mkamburi. Alikufa bila fundo hata moja, kwa sababu wakati huo sikujua kuhesabu."

Wakio akainamisha kichwa, lakini hakuliondoa jina lake. Mwadime akafuta macho, lakini hakuliondoa lake. Nao hawakukosea, kwani kila mmoja alikuwa na haki ya kujivuna.

Dokta Shuma hakuandika, na fomu ilitakiwa kuondoka mchana ule. Mstari ni mmoja, majina ni matatu. Kalamu ameielekeza kwenu, nyinyi mnaonisikiliza: aliyeyabeba, aliyeyatambua, au aliyezihesabu siku zake? Je, nani alistahili kuyapa jina?