Mistari Tisa

Mwanamke mmoja wa Upareni alikuwa na mama aliyepofuka uzeeni. Mwanamke huyo aliitwa Naetwe, mfinyanzi wa vyungu, na mama yake aliitwa Nakunda. Baba alikuwa amefariki miaka mingi nyuma bila kupigwa picha hata moja. Siku moja Nakunda alimwambia bintiye, kwa sauti ya mtu anayeungama, kwamba uso wa mumewe ulikuwa unamtoka kichwani. Sauti aliikumbuka, uso, hapana.

Naetwe aliukumbuka. Lakini kukumbuka ni kitu kimoja, na kumwonyesha asiyeona ni kingine. Akaenda kwa mzee Kiangi, aliyefundisha watu wazima kuchora kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa. Kiangi hakumpa rangi. Alimpa kipande cha mkaa, akamwagiza achore mstari mmoja kutoka ukingo huu wa karatasi hadi ule, bila kuinua mkono wala kurudia. Ikawa hivyo kwa miezi mitatu. Wenzake walikuwa wamekuja kupaka rangi maua. Wakachoka, wakaacha mmoja mmoja. Naetwe naye aliona haya, mtu mwenye wajukuu kuchorachora kama mtoto wa chekechea, ila alibaki. Kidogo kidogo akajua kwamba mkono ukikandamiza, mstari huwa mzito kama mzigo wa kuni. Ukilegea, huwa mwepesi kama pumzi. Akajua kwamba mstari uliolala hutuliza, na wa mshazari huhangaisha. Lililomshinda muda mrefu ni kujua mahali pa kuukatisha mstari, ili anayeutazama aumalize mwenyewe.

Mwaka ulipotimia alitandaza udongo mbichi juu ya ubao, akauchora uso wa baba yake kwa ncha ya kijiti. Alichora kila kitu: makunyanzi, nyusi unywele kwa unywele, mpaka vifungo vya shati. Mama akapitisha kidole, akapotea. Akasema ni kama ameingia kichakani. Naetwe hakukasirika. Aliusawazisha udongo kwa maji, akakaa mbele yake asubuhi nzima bila kushika kijiti, akijiuliza ni kipi ambacho kikiondolewa, baba hatakuwa baba. Kisha akachora mistari tisa tu.

Kidole cha Nakunda kilianzia kwenye paji la uso. Kikashuka puani, kikapinda pale pua ilipopinda. Kikafika kwenye pembe ya mdomo, ambapo Naetwe alikuwa amekandamiza kidogo, kisha akaacha. Kikasimama hapo.

"Anataka kucheka," mama akasema, "na anajikaza kwa sababu mkwewe yuko karibu."

Halafu akacheka yeye, machozi yakimtiririka, kidole kikirudi kwenye paji la uso kuanza safari upya. Udongo ule ulipokauka ulichomwa pamoja na vyungu, ukatoka mzima. Kiangi alipoletewa auone, aliupapasa huku amefumba macho, akavua kofia.

Ninyi mnaowasimulia wanenu habari za waliotangulia, katika maneno yenu yote hayo mengi, yako wapi yale tisa ambayo asiyewaona anaweza kuyafuata mpaka akawafikia?