Kindi na Sikio la Mzee Kiboko

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na majiko yao, na sufuria zao zikiungua kama zinavyoungua zetu, palikuwa na bwawa chini ya kilima. Kando ya bwawa hilo aliishi Mzee Kiboko pamoja na binti yake, Kindi.

Naona mnacheka. Kiboko amzae Kindi? Hakumzaa, nyamazeni niwaambie. Mwaka mmoja mafuriko yaling'oa mti aliozaliwa Kindi, naye wakati huo alikuwa hata macho hajafumbua vizuri. Kiboko akamwona anaelea, chubwi, chubwi, anazama anaibuka. Akampandisha mgongoni, akamvusha, akampeleka nyumbani. Tangu siku hiyo alimwita "binti yangu," naye Kindi akamwita "baba." Alipokua akashika jiko, na kwa upishi hakuwa na mpinzani.

Sasa mjue na desturi ya pale bwawani. Chakula kikishatengwa, baba wa nyumba huchovya kidole kwenye mchuzi. Hukipangusa kidogo kwenye ukingo wa bakuli kisidondoshe, halafu hujipaka sikioni. Sikio liking'aa, hutangaza kwa sauti, "Nyumba hii ina heshima!" Hapo ndipo watu hula. Lisipong'aa, mchuzi humwagwa, na majirani hucheka hadi washike mbavu. Jioni wazee wote hutoka kutembea kidogo, kila mmoja na sikio lake, ili waonekane.

Basi mambo yakawa samli, samli, samli! Mchuzi wa Mzee Kiboko ulikuwa na samli nyingi hivi kwamba nyama yenyewe ilikuwa haionekani. Ugali wake ulikuwa wa sembe, mweupe pee. Chumvi ilitiwa kwa konzi. Na mboga za majani je?

"Majani ni chakula cha shida," alisema Mzee Kiboko. "Mimi nina shida gani?"

"Huna, mzee mwenzangu! Huna hata moja!" alidakia Ngiri.

Ngiri alikuwa jirani yao. Kila siku, kifuniko cha sufuria kikilia kwaa, mara utasikia, "Hodi! Nilikuwa napita tu." Na akishapita hivyo, alipita na nusu ya chakula.

Mwaka huo kiangazi kilikuja kikali. Bwawa likaanza kupungua. Viboko wengine wote wakafunga mizigo, wakapanda kilima, wakateremka upande wa pili ulikokuwa mto mkubwa usiokauka. Mzee Kiboko naye akafungasha. Akaanza kupanda, tu, tu, tu. Alipofika kwenye jiwe la kwanza, akasimama.

"Hoo! Hoo! Binti yangu, ngoja. Hoo!"

Akaketi. Akajaribu tena. Kizunguzungu kikamshika, miguu iliyovimba ikakataa, na wote wawili wakarudi nyumbani polepole.

"Wewe una mwili mwepesi," Mzee Kiboko akamwambia Kindi. "Nenda mtoni. Mimi bwawa hili litanitosha."

"Litakutosha mpaka lini, baba?"

Mzee Kiboko akalitazama lile tope lililoanza kukauka pembezoni. 

Kindi alijua vizuri sana kwamba ngozi ya kiboko bila maji hupasuka. Bwawa likikauka na baba yake bado yuko upande huu, ndio mwisho wake. Akaenda nyuma ya jiko akalia. Alipomaliza kulia akajifuta machozi kwa mkia, akaanza kufikiri.

Kwanza alijaribu njia iliyonyooka. Akapika mchicha kwa karanga za kutwanga, akaukamulia ndimu, samli hakutia. Ulinukia, nawaambia! Mzee Kiboko akachovya kidole, akapangusa, akajipaka. Sikio kavu.

"Kindi! Nini hiki?"

"Baba, samli na chumvi ndivyo vinavyokumaliza pumzi. Onja kwanza, utaona."

"Nionje nini na sikio liko hivi? Unataka Ngiri anione?"

Mwaa! Mchicha wote chini. Ngiri, aliyekuwa anapita tu, akacheka mpaka akajikwaa.

Kindi akaokota bakuli, akaliosha, na huku analiosha akakumbuka kile kidole. Kila siku baba yake hukipangusa ukingoni, na kila siku ni ukingo wa upande wa kulia. Kindi akaacha kuosha. Akatabasamu peke yake.

Kesho yake akapika kunde na nyanya na vitunguu, akaziongeza uzito kwa karanga, samli hakutia hata chembe. Halafu akachukua kile kibuyu kidogo cha samli, akachovya ncha ya mkia, akapaka ukingo wa bakuli upande wa kulia. Akatenga chakula. Moyo wake ulikuwa unadunda, du! du! du!

Mzee Kiboko akachovya. Akapangusa ukingoni. Akajipaka.

Pwaa! Sikio likang'aa kama sahani mpya.

"Nyumba hii ina heshima!" akatangaza, na kunde zote akazimaliza.

Kwenye ugali Kindi alikwenda taratibu. Siku ya kwanza alichanganya sembe na konzi moja ya dona. Kila siku akawa anaongeza kidogo, mpaka sembe ikaisha na dona ikabaki peke yake.

"Kindi, mbona ugali umepoteza weupe?"

"Kiangazi, baba. Vumbi halichagui pa kuingia."

"Kweli. Hata macho yananiwasha. Lakini mbona nikila mchana sisikii njaa mpaka jioni?"

"Siku hizi nausonga kwa nguvu."

"Ahsante, binti yangu. Usijiumize mikono."

Kindi aliona aibu kumdanganya mzee mwema namna ile. Aliona aibu kidogo. Kisha akatazama bwawa, akaenda kuchuma mchicha mwingine.

Siku zikaenda. Uvimbe wa miguu ukapungua. Na kwa vile sikio lake lilikuwa linang'aa kila siku bila kukosa, Mzee Kiboko akazidi kutembea nalo jioni. Mwanzo aliishia kwa Ngiri. Baadaye akafika kwa Mama Nyati, aliyekuwa akiwauzia samli. Mwishowe akawa anazunguka bwawa zima, anasalimia hata wasiomjua, kichwa amekiinamisha upande ili sikio lionekane. Kindi alimtazama kutoka mlangoni, furaha imemjaa kifuani.

Bwawa nalo halikungoja mtu. Lilifika magotini, likafika kwenye kwato, likabaki tope zito katikati.

"Baba, kesho tujaribu kilima," akasema Kindi.

"Kilima? Hapana. Kilima kilikwisha kunishinda. Usinitie aibu mara ya pili."

Kindi akambembeleza asubuhi, akambembeleza mchana. Hapana ni hapana. Mzee huyo alikuwa mkaidi kweli kweli.

Na siku hiyohiyo ndiyo aliyoamua Ngiri kulamba bakuli. Alikuwa amekwisha kula, lakini Ngiri hakujua neno "nimeshiba." Akashika bakuli kwa mikono miwili, akaingiza mdomo wote ndani. Slap, slap, slap. Akasimama. Akalamba ukingo. Akalamba ndani tena. Akalamba ukingo.

"Ngoja kwanza," akasema. "Mzee, bakuli hili lina samli mdomoni. Tumboni halina!"

"Unasema nini wewe?"

"Lamba mwenyewe!"

Mzee Kiboko akalamba. Uso ukabadilika. Akainuka, akaenda jikoni, puu, puu, akafungua debe la unga na kukuta dona. Akainua kawa na kukuta mchicha umekatwa vizuri, na bamia, na kunde za kesho zimelowekwa.

"KINDI! Umekuwa ukinilisha nini?"

"Dona, baba. Na kunde, na majani. Chumvi kidogo, na ndimu."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponimwagia mchicha."

"Yaani siku zote hizi nimetembeza sikio la uongo mbele ya watu?" Akalishika sikio lake. "Nimemsalimia Mama Nyati na sikio la uongo! Binti niliyembeba kwa mgongo wangu ananifanyia hivi!"

Kindi alichomwa na maneno hayo. Alitaka kumwangukia miguuni amwombe radhi.

"Lete kibuyu cha samli hapa!" Mzee Kiboko akanguruma. "Leo naigida hivihivi, na ugali sitaki!"

"Igide, mzee! Heshima yako irudi!" Ngiri akachochea.

Kindi akakichukua kibuyu. Akatazama lile tope. Akatazama kilima. Halafu akakining'iniza kibuyu shingoni, akatoka mlangoni, chwiii!

"Unakwenda wapi? Rudisha!"

"Ukiitaka, baba, njoo uichukue!"

"Mtoto huyu! Leo utanitambua!"

Mzee Kiboko akatoka mbio. Tu! Tu! Tu! Ardhi ikatikisika. Ngiri naye nyuma yake, kwa sababu samli ilikuwa inakwenda na yeye hawezi kuiacha iende peke yake. Kindi akashika njia ya kilima, anaruka jiwe, anaruka kichaka, mara anageuka na kukitikisa kibuyu, chwa, chwa.

"Nakuona! Nitakukamata!"

"Bado, baba! Bado!"

Wakafika kwenye jiwe la kwanza. Ngiri, ambaye kila usiku alikuwa akienda kulala na bakuli jingine la samli la kwake, akasimama hapo. "Hoo! Hoo! Nendeni tu. Hoo! Mimi nilikuwa napita." Akaketi palepale alipoketi Kiboko siku ile.

Mzee Kiboko jiwe lenyewe hakuliona. Hasira zilikuwa zimemjaa machoni, anatazama mkia wa Kindi tu. Tu! Tu! Tu! Wakapita kichaka cha miiba. Wakapita mahali ambapo njia inapinda. Kindi alipofika kileleni akasimama, akavua kibuyu, akakiweka chini, akaketi kando yake kumngoja baba yake. Hakuwa na mbio nyingine tena. Kama atapigwa, basi apigwe.

Mzee Kiboko akafika. Akafungua mdomo kumgombeza.

"Kindi! Wewe mtoto usiye na adabu, nimekuchukua, nimekulea, nimeku..."

Akanyamaza. Sauti yake ilikuwa imetoka yote, nzima, bila hata "hoo" moja. Akajishika kifua. Akatazama nyuma, akaliona bwawa lake huko chini limekuwa dogo, na kule mteremkoni Ngiri akijipepea kwa jani. Akatazama mbele. Mto! Mpana, unapita taratibu, na ndugu zake wamejitumbukiza ndani hadi puani. Upepo wenye harufu ya maji ukampiga usoni.

"Nimefikaje hapa?" akauliza.

"Kwa miguu yako, baba."

Mzee Kiboko akakaa chini. 

"Ulijua nikigundua nitakukasirikia."

"Nilijua."

"Na bado ukawa unapika hivyohivyo kila siku."

"Siku ile ya mafuriko ulinibeba mgongoni, baba," Kindi akasema, na sasa machozi yalikuwa yanamtoka kweli. "Nami mgongo wa kukubeba wewe sina. Nilikuwa na sufuria tu."

Mzee Kiboko akalia, na kiboko akilia, watoto, si mchezo. Akaukunjua mkono wake mzito, akamvuta Kindi karibu. Kibuyu cha samli kilikuwa palepale. Hakuna aliyekikumbuka.

Wakateremka mtoni. Wale viboko wengine wakampokea mzee kwa vigelegele, na siku chache baadaye, vyombo vilipokwisha kuvushwa, wakaja wote kula kwenye nyumba yake mpya, kama ilivyo ada kwa mgeni aliyehamia. Hata Ngiri alikuwapo. Alipanda kilima kwa kupumzika kila kichaka, akafika mkiani kabisa. "Nilikuwa napita tu," akasema, na safari hii alikuwa amekonda kwa njaa.

Kindi akatenga ugali wa dona na mchicha wa karanga. Ukingo wa bakuli aliuacha mkavu.

Wageni wakamtazama Mzee Kiboko. Akachovya kidole. Akakipangusa ukingoni. Akajipaka sikioni, akageuza kichwa huku na huku kila mtu aone.

Sikio halikung'aa.  Ngiri akafumba macho, akingoja kusikia mwaa!

"Nyumba hii," Mzee Kiboko akatangaza mpaka ng'ambo ya mto ikasikia, "ina heshima! Binti yangu, nipakulie."

Nanyi mnaosogeza mboga pembeni mwa sahani, nawaona: anayekupenda hukupikia chakula cha kukufikisha mbali.