Waya Katika Hori

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hii inatuambia kwamba mtu anaweza kukodoa macho njiani akimtafuta adui, kumbe linalomuuma amelivaa mwenyewe, tena amelifunga vifungo.

Mawifi wawili walikaa ua mmoja. Dada mtu aliishi nyumba ya mbele, ndugu yake na mkewe nyumba ya nyuma, na katikati palikuwa na banda la ng'ombe lenye hori moja refu la saruji. Dada mtu alifuga ng'ombe mwekundu mwenye baka jeupe la duara katikati ya macho. Kwenye kituo cha kupokea maziwa walimwita dada huyo Mama Povu, kwa sababu ndoo yake ilifika mapema kabla povu halijatua, na kwa miaka sita hapakuwa na ndoo iliyoizidi.

Ndipo wifi yake akaletewa na baba yake mtamba mweusi. Mtamba akazaa, kiwele kikajaa kama mkoba wa msafiri. Asubuhi moja mpokeaji maziwa alichovya kijiti chake cha kupimia, akakitazama, akatabasamu.

"Mama Povu, leo umepitwa," alisema. "Na aliyekupita mnatumia kamba moja ya kuanikia nguo."

Ulikuwa mzaha, lakini neno lile lilimkaa Mama Povu kama mwiba wa samaki kooni, halishuki wala halitoki. Tangu siku hiyo raha ikamhama. Wifi akiimba wakati wa kukama, aliona anaringiwa. Wifi akinyamaza, aliona anasemwa moyoni. Alikuwa akitega sikio kusikiliza maziwa yakichuruzika kwenye ndoo ya mwenzake, hata ya kwake yakamwagikia miguuni. Mwisho akaamini kwamba wifi ana jicho baya, na kila anapompapasa ng'ombe mwekundu shingoni kuna kitu anakipunguza.

Basi akaamua kumficha ng'ombe wake. Alichukua waya kuukuu zilizokuwa zikiota kutu nyuma ya choo, pamoja na magunia matupu, akajenga kiambaza katikati ya banda, juu ya hori lile. Fundi hakumtaka, maana fundi angeuliza sababu. Alipanda mwenyewe ukingoni mwa hori na koleo mkononi. Kila fundo alilizungusha mara tatu kwenda kushoto, kwa kuwa alitumia mkono wa kushoto, kisha akakata ncha. Fundo likimharibikia, alilikata lote akaanza upya. Vipande vikaanguka, ta, ta, ndani ya majani yaliyokatwakatwa.

Wifi akaja na ufagio. Alisema kwa upole kwamba vipande vile ni hatari, kwani ng'ombe hachagui, humeza kwanza na kutafuna baadaye. Akaomba amfagilie.

"Wifi," Mama Povu alijibu bila kugeuka, "kinachoua ng'ombe ni macho ya watu. Fagia kwako."

Akafagia kwake, mpaka saruji ikang'aa.

Siku ya tisa ng'ombe mwekundu aliacha kula. Alisimama ameukunja mgongo kama paka aliyenyeshewa, viwiko vya miguu ya mbele amevitanua nje, na kila alipopiga hatua aliguna, mguno mfupi kama wa mzee anayeinuka kitini. Maziwa yalishuka kutoka ndoo hadi kikombe. Isitoshe, alikuwa na mimba ya miezi mitano.

Mama Povu hakumtazama ng'ombe sana, alimtazama wifi. Alikumbuka kwamba siku alipokwenda kumjulia hali mgonjwa, wifi ndiye aliyemwekea ng'ombe majani. Akamwita ndugu yake, akamwambia wazi kwamba mkewe amemlisha ng'ombe kitu. Ndugu alipojaribu kumtuliza, ndipo moto ulipowaka.

"Kufika adhuhuri, yule mweusi awe ametoka ua huu," alisema. "Asipotoka, usiniite dada tena."

Ndugu akabaki kama mtu aliyeshikwa masikio pande zote mbili. Mkewe alivaa viatu, akatoka lango likimpigia kelele nyuma. Mama Povu akasema kwamba mwenye hatia hakai. Lakini baada ya saa moja mwenye hatia alirudi, amefuatana na daktari wa mifugo, mama mnene mwenye mabuti ya mpira, wote wawili wakihema.

Daktari alipima joto, kisha akamfinya ng'ombe mgongoni, nyuma kidogo ya mabega. Alieleza kwamba ng'ombe mzima ukimfinya hapo hubonyeza mgongo chini. Huyu aliukaza, akaguna.

"Ndani ya tumbo kuna utando mwembamba, kama ile ngozi ya ndani ya ganda la yai," alisema. "Utando wake umevimba na unawaka, kwa sababu kitu kimetoboa. Mmejenga nini humu karibuni?"

Wifi aliinamisha uso. Angeweza kusema, asiseme. Na Mama Povu akaliona hilo.

Ng'ombe alipasuliwa akiwa amesimama, baada ya kunyolewa na kuchomwa sindano za ganzi ubavuni. Wifi alishika kichwa chake, akamwimbia taratibu wimbo uleule wa kukamia. Mama Povu alishika beseni. Mkono wa daktari ulizama mpaka begani, ukapekua, ukatulia, ukatoka. Kati ya vidole palikuwa na kipande cha waya chenye usaha, chenye ncha kama sindano. Mwisho wake mwingine ulikuwa na fundo la mizunguko mitatu, kwenda kushoto.

Daktari aliuliza waya ile imetoka wapi. Ndugu akatazama kiambaza cha magunia, halafu akamtazama dada yake. Dada mtu akaliweka beseni chini.

"Ni mkono wangu," Mama Povu alisema. "Wifi alitaka kufagia, nikamkataza. Mweusi haendi popote."

Jioni ileile alikibomoa kiambaza. Daktari aliwaachia sumaku, na mawifi wakalipekua hori pamoja, bega kwa bega, wakatoa vipande thelathini na kimoja. Kwa wiki mbili maziwa ya mwekundu yalimwagwa kwa sababu ya dawa. Ndama alizaliwa mzima, lakini ndoo ya mama yake haikufika tena ilipokuwa ikifika.

Mama Povu hakugeuka malaika. Hata leo ndoo ya wifi ikifurika, kuna kitu humchoma kidogo chini ya mbavu. Hapo huingia bandani akaitazama waya ile, aliyoitundika kwenye msumari karibu na mlango. Haikuletwa na mchawi, wala haikurushwa na jirani. Aliikata mwenyewe, ikaanguka chini ya mikono yake. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.