Alama ya Nimekwenda Nyumbani

Tegeni masikio, na asinikatize mtu. Uhuru ulikuwa mbichi, wimbo wa taifa wengi hawajaukariri, Mwalimu Mwaisumo alipoanzisha skauti kule Rungwe. Vijana aliowapata ni watatu tu. Lugano alisoma nyayo. Ambakisye alikuwa na masikio, we acha tu. Sekela, binti pekee, akifunga fundo halifunguki mpaka atake mwenyewe.

Jumamosi moja mwalimu alitangulia msituni kuwawekea alama za kufuata. Akaichora kabisa na ile ya mwisho, duara lenye nukta katikati, maana yake nimekwenda nyumbani. Kisha, badala ya kwenda, akaingia porini kutafuta kuni za chai. Lo! Akatumbukia kwenye shimo la kutegea nguruwe. Mguu ukavunjika, mvua ikashuka, maji yakaanza kumpanda.

Yalipomfika kiunoni akasikia filimbi ya vijana: wameiona alama ya mwisho. Akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka, mvua ikaimeza yote. Aliogopa, jamani. Mwenyewe ndiye aliyewafundisha kwamba alama ni amri, haibishiwi.

"Duara na nukta," Sekela alisema kule juu. "Turudini."

"Kiatu chake kimeelekea porini," Lugano akasema, "na hakijarudi."

"Unabishana na alama?"

"Nabishana, ndiyo!"

Wakafuata nyayo mpaka mvua ikazifuta. Ukungu nao umeshuka, hawaonani. Ambakisye akawanyamazisha.

"Kuna mtu anakohoa, chini ya ardhi."

Akawaongoza hadi ukingoni. Maji yalikuwa kidevuni.

Kamba hawana. Sekela akavua skafu yake, akawavua na wenzake, akaziunga na mikanda. "Shika, Mwalimu! Fundo langu haliachii." Na kweli halikuachia. Wakamvuta, akatoka analia bila aibu.

Baada ya wiki ikaja barua: kambi ya kwanza ya taifa, kila wilaya ilete kijana mmoja wa kubeba bendera. Mmoja tu.

Mwalimu yuko kitandani, kalamu mkononi, na wote watatu wamesimama mbele yake, hakuna anayesema nenda wewe. Lugano asingekaidi, wangerudi nyumbani. Ambakisye asingesikia, wangempita. Sekela asingefunga, wangemtazama akizama. Na akimwandika Lugano, si amesifu ukaidi? Asipomwandika, je, ana uso wa kumtazama?

Haya, nyie mlionyamaza, kalamu ndiyo hiyo. Mngeandika jina la nani?