Kamba za Ukindu na Moshi wa Fisi

Tegeni masikio, na aliye jikoni aweke mwiko chini aje. Haya yalitokea mwaka ambao mvua iliususa kabisa msitu wa Mkongoro.

Msitu ule ulikuwa wa miti mchanganyiko: mikuyu kando ya mto, mininga kwenye miinuko, mipingo bondeni. Ukame ulipokaza, mto ukabaki uzi wa maji. Katikati ya shida hiyo Fisi, ambaye tumbo lake halijawahi kusema basi, akajenga tanuri la mkaa. Akajenga la pili. Alipofikisha la tano, moshi ulikuwa umeulalia msitu kutwa kucha.

Sungura aliishi na wanawe watatu chini ya mpingo, kwenye shimo alilochimba mwenyewe. Asubuhi moja alisikia shoka juu ya kichwa chake. Akatoka mbio. Fisi alikuwa anauwekea mpingo alama.

"Huu ni wa tanuri la sita," alisema Fisi. "Anza kufunga virago, binti."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya Simba. Kesho barazani ananipa msitu mzima. Na usijisumbue kuja na mdomo wako huo."

Kumwambia Sungura asije na mdomo wake! Kesho yake alifika barazani kabla hata jogoo wa porini hajamaliza kuwika.

Simba, aliyependa sifa kuliko nyama, alikaa akichanua manyoya ya shingo. Fisi akainama mpaka pua ikagusa vumbi.

"Mfalme wangu, wenye wivu wanasema moshi wangu unaua msitu. Kumbe unaulisha! Ile hewa itokayo motoni ndiyo chakula cha miti. Ushahidi huu hapa."

Akainua kamba ya ukindu. Ilikuwa desturi ya Mkongoro kupima miti minane kila mwaka, kila mti na kamba yake. Kamba ilizungushwa shinani, na pale ilipokutana likafungwa fundo. Mtunzaji wa kamba alikuwa Fisi. Alijitolea mwenyewe, na hakuna aliyejiuliza ni lini Fisi alijitolea bure.

"Hii ni ya mkuyu wa mtoni," alisema. "Fundo la mwaka jana hili. La mwaka huu lile kule, mkono mzima mbele! Mti umenenepa, Mfalme! Niruhusu matanuri kumi, msitu wote utanenepa."

"Umenenepa!" wanyama wakanong'ona.

"Nami nilishaliona hilo," alisema Simba, ambaye hakuwa ameona chochote.

Sungura akasimama. "Mtukufu, la hewa sibishi. Ni kweli miti huila."

"Mmesikia? Amekubali!"

"Ngoja nimalize, mjomba, mbona una haraka kama umeitwa kula? Hebu niambie. Nikikuandalia masinia matano ya ugali mkavu, hakuna mchuzi, hakuna tone la maji, utamaliza mangapi?"

"Yote!"

Baraza zima likaangua kicheko.

"Wewe, ndiyo. Mpingo hauwezi. Kabla ya chakula chako unataka maji, na bondeni maji hayapo. Mkuyu mizizi yake iko mtoni, ndiyo maana unapata cha kuteremshia. Lakini hata huo unene wake nina shaka nao. Twendeni tukauone."

Wakateremka mtoni. Mkuyu ulikuwa umezongwa na mmea mtambaazi, mnene kama chatu, kuanzia shinani hadi kileleni. Sungura hakuomba shoka. Alitafuna mzongo mmoja baada ya mwingine mpaka shina likabaki wazi, kisha akaizungusha kamba upya. Ikaning'inia kama mkanda wa aliyetoka kuugua. Safari hii ilikutana kidole kimoja tu mbele ya fundo la mwaka jana.

"Mkuyu umekua kidole," alisema akitema maganda. "Mengine yote Fisi alimpima huyu mtambaazi. Huyu ndiye aliyeshiba moshi, na shibe yake anaitumia kuukaba mti."

Simba akakunja uso. Fisi akalamba midomo.

"Kidole nacho ni kidole! Na ile miti saba mingine imenenepa zaidi."

"Kamba zake ziko wapi?"

"Zimeibiwa. Wezi wamejaa siku hizi."

Sungura akashusha pumzi kwa huzuni. "Masikini! Na mwaka huu nilizipaka mafuta ya kiboko zisioze. Aliyeziiba sijui alijilambaje."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Mafuta gani? Mwongo mkubwa we! Nimezitafuna zote saba, fundo kwa fundo, ukindu mtupu! Mpaka leo meno yana..."

Akajiziba mdomo. Nyani alikuwa ameshaanza kucheka, na Nyani akianza hakuna wa kumzuia.

"Fisi," alisema Simba polepole, "mtu anatafunaje ushahidi unaomtetea?"

Fisi akaanza kurudi kinyumenyume. Kamba za mipingo na mininga zilikuwa na fundo la mwaka huu palepale penye la mwaka jana, na yeye alilijua hilo kabla ya wote.

Simba alinguruma kuliko kawaida, maana aibu ya "nilishaliona" ilimwasha. Jioni ile ile Fisi alifukia matanuri yote matano kwa makucha yake. Kisha akaketishwa mbele ya baraza asuke kamba saba mpya, na kila ukindu ulipopita karibu na mdomo wake Nyani alipiga kelele, "Anakula! Anakula!"

Mpingo haukunenepa mwaka ule. Ulisubiri mvua kama Sungura alivyosubiri. Mvua iliporudi, uliongezeka upana wa ukucha, na Sungura akawaamsha wanawe waje washike kamba afunge fundo.

Basi, akikujia mtu na kamba moja akasema hiyo ndiyo habari ya msitu mzima, muulize kwanza amekula ngapi.