Kuku wa Tupokigwe

Mwenye shaka hunenepesha kuku. Mmeyasikia maneno hayo leo, Lugano alipoinusa chai aliyomiminiwa na wageni wa kwaya, mama mpishi akamtupia methali hiyo na nyote mkacheka. Sasa mnauliza kuku anaingiaje kwenye chai. Haya, kaeni kitako, maana kuku huyo alikuwepo, na aliyemnenepesha alikuwa Mkristo wa benchi la mbele.

Yalianzia kijiji kimoja cha milimani huku Rungwe, kwa mjane aliyeitwa Tupokigwe. Watoto wake walikuwa wameoa na kuolewa mbali, na ndugu wa karibu aliyebaki naye ni wifi yake Subilaga, dada wa marehemu mumewe. Walipendana hawa. Kila Jumamosi Subilaga alimpelekea wifi yake kapu la chakula, mara ndizi na maharage, mara magimbi, na siku ya neema wali wa Kyela. Na kwa kuwa kapu la mtu halirudi tupu, Tupokigwe alilirudisha na kibuyu cha maziwa ya mgando.

Kisha ukatokea msiba wa baba yao mdogo. Siku ya kuondoa matanga watu walikula nyumbani kwa Subilaga, na Tupokigwe aliporudi kwake tumbo likamshika. Aliumwa mpaka akajikatia tamaa. Alipopata nafuu, jirani mmoja alikuja kumjulia hali, akamnong'oneza, "Mama, mimi simo. Ila kikulacho ki nguoni mwako." Akaaga, akaenda zake. Neno lilikuwa dogo kama mbegu ya mchicha, lakini liliota.

Jumamosi iliyofuata kapu likaja kama kawaida. Tupokigwe alilipokea kwa mikono miwili, akasema, "Ndaga fijo, wifi, Mungu akuzidishie." Ilikuwa asante ya midomo tu. Wifi alipoondoka, alizunguka nyuma ya nyumba, akamwekea kuku wake chakula kidogo kwenye kigae, akachuchumaa kumtazama. Kuku akala, akapangusa mdomo ardhini, akadai tena. Mtu mwingine hapo angekula. Tupokigwe aliwaza kwamba sumu nyingine ni za polepole, akangoja jioni. Jioni kuku alikuwa mzima, Tupokigwe akasema tungoje asubuhi. Asubuhi chakula kilikuwa kimechacha, na kuku akakimaliza chote.

Ikawa ndiyo desturi. Kuku alifura hata kizingiti kikamshinda kuruka, na mwenye kuku akakonda, gauni la ibada likamning'inia. Tena shaka haikutosheka na wifi peke yake. Alianza kumshuku hata jirani aliyemwonya: yeye alijuaje? Akisalimiwa kwa furaha mlangoni mwa kanisa, alijiuliza huyu anatafuta nini. Wakati wa maombi alifumba jicho moja. Mwaka ule mvua ilinyesha vizuri, migomba ikainama kwa mikungu, watu wakapeleka shukrani ya mavuno wakiimba. Yeye alisimama shambani mwake akasema moyoni, "Bwana, unanipa vyote hivi. Unataka kunichukulia nini?"

Alijisikia mwenyewe akisema hivyo, akaogopa. Tangu siku hiyo hakwenda tena kwenye Meza ya Bwana. Ile amani aliyokuwa akilala nayo ilikuwa imemtoka, naye aliililia, asijue pa kuitafuta.

Ikatangazwa karamu ya upendo, ile ya kula mkate na kunywa chai pamoja kanisani kabla ya kushiriki Meza. Subilaga akaja siku isiyo yake, kumsihi wifi yake arudi. Alibisha hodi, hakujibiwa, akazunguka nyuma. Akamkuta Tupokigwe amechuchumaa, na kuku kazamisha kichwa kwenye kigae, anakula ndizi na maharage ya Jumamosi.

Subilaga alikitambua chakula chake.

"Wifi," akasema, "kumbe nilikuwa nampikia nani?"

Tupokigwe alitafuta uongo, akaukosa. "Niliogopa. Siku ya matanga nilikula kwako, nikaumwa nusura nife."

"Na mimi niliumwa."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Chakula kilikuwa changu, lakini maziwa uliyaleta wewe. Nilitapika usiku kucha. Na yule jirani yako akaja kwangu kuninong'oneza."

"Akasema yeye hayumo?"

"Hayumo kabisa," Subilaga akajibu, na midomo yake ikataka kucheka.

"Na bado ukanipikia?"

"Lile neno lilininyima usingizi, wifi. Nikamwambia Mungu, nikianza kumwogopa Tupokigwe, kesho nitamwogopa nani? Na wewe, Bwana, nitakushukuru kwa lipi? Nikawasha moto, nikapika. Kibuyu chako kiliporudi, nilikunywa maziwa. Nimekunywa hadi leo." Akamtazama kuku, aliyekuwa bado anakula. "Mwenye shaka hunenepesha kuku. Mwangalie alivyo."

Tupokigwe aliona aibu mpaka machozi yakamtoka. Kisha akainuka, akamkamata kuku, naye hakuweza hata kukimbia. "Mpike wewe," akasema.

Subilaga alimpika, akaliweka bakuli kati yao. Tupokigwe alingoja wifi yake aonje kwanza. Subilaga hakugusa kitu. Aliweka mikono mapajani, asimsaidie. Hadi siku ile, na hadi leo, hakuna aliyejua kilichowaumiza kwenye matanga, na Tupokigwe alilijua hilo alipokuwa akitazama mvuke.

Hatimaye alifumba macho yote mawili. "Ndaga, Baba," akasema, na safari hii ilitoka moyoni. Akachukua kipande cha kwanza, akala. Kilikuwa na mafuta ajabu, na kwa njia hiyo vyakula vya Jumamosi zote vikamfikia aliyepelekewa. Siku ya karamu walikaa benchi moja, wakamegeana mkate.

Sasa, Lugano, chai yako imepoa, na hapa hatufugi kuku. Kunywa, umshukuru aliyekumiminia. Mwenye shaka hunenepesha kuku.