Jina la Mjukuu wa Bibi Tusekile

Sogeeni karibu, na anayetafuna amalize kutafuna, kwa maana mwishoni nitawaomba kitu. Sitaomba makofi. Nitaomba hukumu.

Juu kwenye milima ya Rungwe, mahali ambapo chai imeota mpaka ukingoni mwa makaburi, upo mji mdogo uitwao Lwangwale. Watu wa Lwangwale huchuma chai, huuza chai, husomesha watoto kwa chai. Mgeni akibisha hodi, kabla hajaulizwa habari za alikotoka, ameshawekewa kikombe mkononi.

Katika mji huo palikuwa na tawi dogo la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi wamezoea kuliita kanisa la Wamormoni. Watu wa kanisa hili, kwa ahadi waliyomwekea Mungu, hawanywi chai. Mnaanza kuona shida ilipo.

Tena haikuwa chai peke yake. Watu hawa hutafuta majina ya mababu na mabibi waliokufa na kuyahifadhi, ili ukoo usisahaulike. Majirani waliposikia wakaulizana, "Sasa marehemu babu yangu wanamtakia nini?" Hakuna aliyempiga mwenzake wala kumwibia. Yalikuwa maneno tu, lakini maneno yakirundikana, watu wawili wanaweza kuishi nyumba za kupakana na wasionane.

Ndipo rais wa tawi, maana ndivyo wanavyomwita kiongozi wao ingawa siku za kazi alikuwa fundi cherehani, akawaita watu watatu na kuwapa kazi ya mawasiliano. Ilikuwa kazi ya kujitolea: kuwafanya majirani walijue kanisa, na kanisa liwajue majirani.

Wa kwanza alikuwa Lusajo, mwalimu wa sekondari. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Akizungumza kwenye redio ya pale mjini, mtu anayepita na jembe begani alisimama dirishani kwa watu asikilize mpaka mwisho. Ila alipenda kushinda, hata pale ambapo hapakuwa na mashindano.

Wa pili alikuwa Subilaga, mjane asiye na mtoto. Kipaji chake kilikuwa masikio. Aliweza kukaa na mtu tangu asubuhi, akaondoka hajasema la maana, na yule mtu akatangaza, "Leo nimeongea na Subilaga mpaka moyo umekuwa mwepesi." Alikuwa akijiandaa kwa safari ya kwenda kwenye hekalu la kanisa lake, safari aliyoingoja tangu mumewe alipofariki, kwani wao huamini kwamba huko ndoa hufungwa isivunjwe hata na kifo. Anayekwenda huko huulizwa kwanza kama ametunza ahadi zake, na ile ya chai ni mojawapo.

Wa tatu alikuwa Mzee Angetile, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa chai. Kipaji chake kilikuwa kuaminiwa. Akisema mzani wa majani umepotoka, hakuna aliyebisha, mzani ulibadilishwa. Lakini alibatizwa mbali, na wakulima wenzake hawakujua. Kwenye shughuli za tawi alipanga viti, akapaka rangi, akaondoka kabla wageni hawajafika. Na kwenye vikao vya wakulima, chai ilipomiminwa, aliinua mkono na kusema, "Vidonda vya tumbo, jamani." Wakulima wakamwonea huruma, wakawa wanampikia uji.

Sasa sikilizeni mambo yalivyoharibika.

Siku moja Lusajo alialikwa redioni aeleze kwa nini watu wake hawanywi chai. Alieleza vizuri, kwa utulivu. Kisha mkulima mmoja akapiga simu.

"Kwa hiyo, mwalimu, sisi tunalima sumu?"

Pale palihitaji jibu la upole. Lusajo akacheka, akasema, "Hilo umelisema wewe."

Basi. Kufikia jioni bonde zima lilikuwa limelisikia jibu hilo, na kila aliyelirudia aliliongezea chumvi. Watu wa tawi wakawa wanasalimia na hawaitikiwi. Wakulima wakakaa kikao, Mzee Angetile akiwa kwenye kiti cha mbele, wakakubaliana kwamba wa kanisa lile asipewe nafasi yoyote katika kikundi. Mzee Angetile akaitikia pamoja nao. Nani ajuaye moyo wake ulikuwa wapi? Mimi sijui.

Haikupita muda, Atupele, mkamwana wa Bibi Tusekile, akalazwa kituo cha afya. Mimba yake ilikuwa kubwa, na alikuwa anatokwa damu. Mvua ilikuwa imesomba daraja la kuelekea hospitali ya mkoa, kwa hiyo asingeweza kupelekwa mbele. Daktari akamwita mumewe, Gwakisa, na mama mkwe, Bibi Tusekile.

"Nikimpasua bila kuwa na damu ya kumwongezea, nitawapoteza wote wawili," akasema. "Nisipompasua, vilevile. Nitafutieni watu wa kutoa damu, na iwe kabla ya mchana."

Bahati ilikuwepo, ila ilikaa mahali pabaya. Timu ya kukusanya damu ilikuwa imeshawasili Lwangwale kabla daraja halijaondoka, na ilikuwa imeweka vitanda vyake katika ukumbi pekee uliotolewa bure. Ulikuwa ukumbi wa Wamormoni.

"Wameanza na majina ya wafu wetu, sasa wanataka na damu," watu wakasema. Hakuna aliyekwenda. Bibi Tusekile naye akatoa neno lake: "Damu iliyokusanywa kwenye nyumba ile haiingii mwilini mwa mkamwana wangu." Gwakisa alimtazama mama yake, akainamisha kichwa. Hakuwahi kumpinga, na siku ile hakujua pa kuanzia.

Watu wa tawi walipopata habari za Atupele walifanya wanachofanya siku zote mtu akiwa hatarini: walifunga. Tangu siku iliyotangulia hawakutia chakula wala maji mdomoni. Asubuhi ile wakajipanga ukumbini, wamekunja mikono ya mashati.

"Mmekula?" muuguzi wa timu akawauliza.

"Hapana, dada. Tumefunga kwa ajili yake."

Muuguzi akaweka sindano mezani. "Mmefanya vizuri kumwombea. Lakini mtu ambaye hajala wala kunywa maji simtoi damu. Nitaanza na mgonjwa mmoja, nimalize na ukumbi mzima. Nendeni mkale, mrudi alasiri."

Alasiri ilikuwa mbali. Walibaki wamesimama, mikono imekunjuliwa nusu, kila mmoja akiona aibu kwa jambo jema alilolifanya.

Hapo wale watatu waliachana, kila mmoja akaenda kwake.

Lusajo alikwenda redioni. Njiani alitunga maneno mazuri ya kulitetea kanisa, lakini alipowashiwa kipaza sauti akayaacha. "Ni mimi mwalimu Lusajo," akasema. "Siku ile mkulima aliniuliza swali la haki, nikamjibu kwa kiburi. Mimi nimesomeshwa kwa chai ya mama yangu, kila daftari nililoandika lilitoka shambani. Nimekosa. Nichukieni mimi. Lakini Atupele wa Gwakisa yuko kituo cha afya, hana damu, na mumewe ameniruhusu niseme hivyo." Mtangazaji akamuuliza kama ana la kuongeza. Akasema hana, na kwa mtu kama Lusajo hilo halikuwa jambo dogo. Watu wakaacha vikapu mashambani, wakaja mpaka kwenye geti la ukumbi. Wakaishia hapo. Walikuja kwa ajili ya Atupele, kuingia hawakuthubutu.

Subilaga alikwenda kwa Bibi Tusekile, aliyekuwa amekaa kwenye baraza ya kituo cha afya, chupa ya chai miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umetumwa?"

"Sijatumwa."

Akakaa. Akasikiliza. Bibi Tusekile alisema juu ya mwanawe wa kwanza aliyezikwa akiwa mchanga, na juu ya mama yake mwenyewe aliyefia kwenye uzazi, na akasema anaogopa. Kisha akamimina kikombe, akakisogeza.

"Mnasema ninyi ni majirani. Mimi jirani asiyekula kwangu simjui. Kunywa, ndipo nijue damu yenu ni damu ya watu."

"Mama, niombe kingine chochote."

"Sina kingine. Nina hiki, na nina yule mle ndani."

Subilaga alikishika kile kikombe mpaka mvuke ukapungua. Alijua anachokiacha. Akanywa, akamaliza, akarudisha kikombe. Bibi Tusekile akafunika uso kwa kanga, akamwita Gwakisa. "Kamwambie daktari, damu yoyote itakayomfaa, hata ikitoka nyumba ile, aitie."

Mzee Angetile alikuwa getini, katikati ya wakulima wake. Wakulima walimtazama yeye, kama walivyozoea.

"Mwenyekiti, unasemaje? Tuingie?"

Angeweza kusema "ingieni" kama mwenyekiti, labda wangemsikia, labda wasingemsikia. Akasema, "Ukumbi huu niliupaka rangi mimi. Mimi ni wa kanisa hili, miaka yote hii. Sina vidonda vya tumbo." Mmoja akasema, "Yaani tumekupikia uji bure?" Wachache wakacheka, wengi hawakucheka. Mzee Angetile akafungua geti, akaomba kitanda kimoja kitolewe nje kwenye nyasi, kila mtu aone. Muuguzi akamuuliza kama amekula. Alikuwa amekula, ndiyo: asubuhi na mapema alikuwa na kikao cha wakulima, akala nao ili wasimshuku. Kwa hiyo, katika tawi zima, aliyekuwa anafaa kutolewa damu saa ile ni yule aliyejificha. Akalala, akanyoosha mkono. Damu yake ilipoanza kushuka kwenye mfuko, na watu wakaona hakuna dua ya siri wala jambo la ajabu, yule mkulima wa uji akavua kofia, akasema, "Haya, nipisheni." Wengine wakamfuata.

Mchana daktari alimpasua Atupele. Alipoteza damu nyingi, akaongezewa, na mfuko mmoja baada ya mwingine ulikuwa umepimwa, uko tayari. Akapona. Mtoto akatoka wa kike, analia kwa hasira.

Kila mmoja alilipa alichokiweka rehani. Wanafunzi wa Lusajo bado humwigiza akiomba radhi, kwa sauti ileile. Subilaga alikwenda mwenyewe kwa rais wa tawi, akamweleza habari ya kikombe. Yule fundi cherehani alilia pamoja naye, wala hakumkemea. Lakini Subilaga mwenyewe akasema safari ya hekaluni itangoja mpaka moyo wake utulie. Na wakulima, kwa heshima zote na kwa masikitiko, walichagua mwenyekiti mwingine.

Kwao Bibi Tusekile, jina la mjukuu hutolewa na bibi, na hutolewa mara moja. Mtu ambaye jina lake limepewa mtoto huwa mzazi katika nyumba ile: hushauriwa mtoto akiumwa, huketi mbele mtoto akiolewa, na siku akifa, mtoto yule humlilia kama wake. Na jina huwa moja. Majina ya huko hayachagui kike wala kiume, kwa hiyo lolote kati ya yale matatu lingefaa.

Akawaita wote watatu. Akaketi mlangoni, mtoto mapajani.

"Mpe Subilaga," akasema Lusajo. "Mimi nilizima moto niliouwasha mwenyewe. Anayezima moto wake hasifiwi."

"Mimi nilivunja ahadi," akasema Subilaga. "Mtoto akikua akauliza jina lake limetoka wapi, mtamwambia nini? Mpe mzee. Yeye ndiye aliyelala mbele ya watu."

"Ningesimama siku ile kikaoni, huenda ukumbi usingeogopwa hata kidogo," akasema Mzee Angetile. "Na nilifaa kutolewa damu kwa sababu nilikuwa nadanganya. Mpe mwalimu. Bila yeye ningelala pale na kunguru peke yao."

Bibi Tusekile akawatazama mmoja mmoja. "Mimi ndiye niliyemnywesha Subilaga," akasema polepole. "Nikimpa yeye jina, ni shukrani, au ni kujisafisha? Na nikimnyima kwa sababu hiyo, si nimemwadhibu mara mbili?"

Gwakisa akasema jina ni la mwalimu, maana mwanamume kujishusha mbele ya bonde zima si mchezo. Atupele, kutoka kitandani, akasema damu ya kwanza iliyoingia mwilini mwake ilikuwa ya mzee, na yeye anaihisi. Majirani waliokuwa uani wakaanza kubishana kwa sauti, na mtoto akaamka.

Bibi Tusekile akamnyanyua mpaka usawa wa uso wake. Bila Lusajo watu wasingekuja. Bila Mzee Angetile wasingeingia. Bila Subilaga, damu yote ingekaa kwenye mifuko na mama wa mtoto angekufa kule kituoni. Akafumbua kinywa ili ataje jina, na wote wakanyamaza.

Nami nanyamaza hapo. Mimi nimemgeuza mtoto huyu mikononi siku nyingi, na kila jina ninalomwita, naona wawili waliobaki wakiondoka uani kimya kimya.

Haya, sasa mtoto yuko mapajani mwako. Wewe unayenisikiliza, ungemwita nani? Na wale wawili wengine, ungewaambia nini kabla hawajafika barabarani?